Kwa Nini Kanda Ileile Hununuliwa Tena na Tena?

Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuendelea na mada yetu ya lishe ya mtoto anayeanzishiwa uji. Itabidi ingoje kidogo. Kuna jambo limetokea kanisani kwetu ambalo limetukosesha raha, na mama anayehusika ameturuhusu tuliandike mradi tusimtaje jina.

Jumapili moja baada ya ibada, wakati baadhi yetu tunapanga viti na wengine wanakusanya vikombe vya chai, mama huyu alituvuta pembeni.

"Dada," alisema, "wewe unashinda na wasichana wa watu huko zahanati, labda utanieleza. Huyu binti yangu wa kidato cha tatu ameingiliwa na nini?"

Alieleza kwamba binti huyo, ambaye anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana, hana habari na nyimbo wanazozishabikia wenzake. Kila usiku anajifunika shuka na simu, na sauti inayotoka humo ni ya mwanamke mmoja tu wa Kimarekani anayeimba mambo ya mapenzi kwa Kiingereza. Mama alipouliza kwa majirani akaambiwa huyo ni Whitney Houston, aliyefariki mwaka 2012, na kwamba nyimbo zenyewe zilitoka mwaka 1992. Mtoto amezaliwa mwaka 2008.

"Sasa nieleze," mama akasema, "mtoto anakesha na nyimbo za marehemu, nyimbo zenye umri kuliko yeye, za kazi gani? Nyimbo mpya zimekwisha?"

Alichofanya ni kuchukua memori kadi, kuipeleka kwa kijana anayetengeneza simu na kumwambia afute kila kitu. Tangu siku hiyo binti haendi mazoezi ya kwaya. Wiki ya tatu sasa. Nyumbani anajibu "ndiyo mama" na "hapana mama", basi.

Tulimjibu haraka, kama wauguzi tunavyojibu foleni ikiwa ndefu: ni umri, mvumilie, mwombee. Tulipofika nyumbani tuliona haya. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu letu. Ni kweli, kwa nini watu wanarudia nyimbo zilezile, na tena wanazitolea fedha, wakati mpya zinatoka kila siku?

Tukaikumbuka kanda ya mama yetu.

Mama yetu alikuwa mtu ambaye kanga ni lazima ichanike pande zote mbili ndipo anunue nyingine. Lakini kanda moja ya kwaya aliinunua mara tatu. Ya kwanza tuliiharibu sisi wenyewe. Tulikuwa darasa la sita, tukataka kurekodi kipindi cha salamu redioni, na kanda tupu hatuna. Wale waliokuwa na radio kaseti watakumbuka kwamba kanda ya dukani ilikuwa na vitobo viwili juu yake vya kuzuia isirekodiwe. Tukaviziba kwa karatasi iliyotafunwa, tukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na nusu ya upande wa kwanza ikapotea. Jioni mama alipoiweka ili aimbe nayo huku akichambua mchele, ikatoka sauti ya mtangazaji akisoma majina ya watu wa Tabora. Hatutaeleza kilichotupata. Ya pili aliazimwa jirani aliyefiwa, nayo haikurudi. Ya tatu ndiyo iliyokaa, ikaliwa na mashine mara kadhaa, ikarudishwa kwa kuzungushwa na kalamu, huku betri zikianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kumalizia wimbo wa mwisho.

Siku moja kaka yetu alimwuliza kwa nini asinunue kanda ya kwaya nyingine, maana zilikuwa nyingi na nzuri. Mama alishangaa. Alisema, "Hiyo nyingine siijui."

Wakati ule tulicheka. Siku hizi tunaona kwamba jibu lile linaeleza biashara ya muziki ya dunia nzima. Tazama albamu inayohesabiwa ya kwanza kwa mauzo nchini Marekani. Si ya mwimbaji mpya, wala si ya nyimbo mpya. Ni mkusanyo wa nyimbo kumi za kundi la Eagles, uliotolewa mwaka 1976, nyimbo ambazo watu walikuwa wameshazisikia redioni. Kufikia mwaka 2018 ilikuwa imethibitishwa kuuzwa nakala milioni 38 nchini humo peke yake. Mnunuzi hakuwa anabahatisha. Alifanya kama sisi tunavyofanya sokoni, tunapompita muuza unga tusiyemjua, hata kama amepunguza bei, tukaenda kwa yule ambaye ugali wake tunaujua.

Kwa dunia nzima anayeongoza ni Michael Jackson na albamu yake Thriller, iliyotoka Novemba 1982. Makadirio ni kiasi cha nakala milioni 70. Ina nyimbo tisa tu, na saba kati ya hizo zilitolewa moja moja na zote saba zikaingia katika kumi bora za Marekani. Maana yake ni kwamba aliyetoa fedha yake hakupata nyimbo mbili nzuri na nyingine za kujazia kanda, kama vile tulivyokuwa tukiuziwa sisi. Kuna jambo ambalo huenda wengi hamkulijua: Jackson alilelewa na mama Shahidi wa Yehova, na ile filamu fupi ya mwaka 1983 yenye watu wanaofufuka makaburini inaanza na maandishi yake akisema kwamba haungi mkono imani ya mambo ya kichawi. Vijana hawakuyasoma. Sisi pia hatukuyasoma, tulikuwa tumeshafunika macho.

Albamu nyingine ambayo inatufaa kuitazama sisi wanawake wa ndoa ni Rumours ya kundi la Fleetwood Mac, ya mwaka 1977. Imeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Kundi hilo lilikuwa na wanaume watatu na wanawake wawili. Humo ndani walikuwemo mume na mke waliokuwa wanaachana, na wapenzi wengine wawili waliokuwa wanaachana, na mpiga ngoma ambaye ndoa yake ilikuwa inavunjika nyumbani. Wakaingia studio pamoja. Mmoja anatunga wimbo wa kumshutumu mwenzake, na huyo mwenzake anatakiwa asimame pale pale na kuusindikiza kwa gitaa au kwa sauti. Hatuandiki haya kwa kuyasifu. Lakini fikiria ni wanawake wangapi wa nchi zile walioinunua kwa sababu ilisema chumbani mwao neno ambalo wao walishindwa kulisema mezani. Mtu anapopata maneno ya jambo lake, hayaachi. Atayarudia mpaka kanda ikatike, kisha atanunua nyingine.

Na kukatika nako ni sehemu ya hesabu. Chombo kinabadilika, muziki unabaki. Santuri zile kubwa za kuzunguka polepole zilianza mwaka 1948, kaseti zikaletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, sidii zikaanza kuuzwa mwaka 1982. Kwa hiyo kuna familia za Ulaya na Marekani ambazo zimenunua albamu ileile ya Pink Floyd ya mwaka 1973, iitwayo The Dark Side of the Moon, kwa santuri, kisha kwa kaseti, kisha kwa sidii. Albamu hiyo imekaa katika orodha ya mauzo ya Marekani zaidi ya wiki 900. Hiyo ni zaidi ya miaka 17 ukizijumlisha! Siku hizi hata kusikiliza kwa simu kunahesabiwa: tangu mwaka 2016, wenye kutoa vyeti vya mauzo Marekani wanachukua nyimbo za albamu kusikilizwa mara 1,500 kuwa sawa na nakala moja iliyonunuliwa. Na bado watu hawajaridhika na simu. Mwaka 2022 Wamarekani walinunua santuri nyingi kuliko sidii, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1987, na miongoni mwa wanunuzi wamo vijana.

Katika hesabu zote hizo sisi hatumo. Kanda zilizopigwa ndani ya daladala na katika kumbi za harusi za kwetu miaka ya tisini nyingi zilikuwa za kudurufu, na aliyedurufu hakumpelekea mtu taarifa. Sheria yetu ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, na hata baada ya hapo tuliendelea. Tunasema "tuliendelea" kwa sababu tulikuwemo. Hata kanda za kwaya za makanisa yetu, ambazo akina mama waliuza maandazi miezi minane ili kulipia studio, tulizidurufu kwa ajili ya shangazi, na shangazi akadurufu kwa ajili ya wifi yake. Kwaya ikashangaa kwamba kila nyumba ina wimbo wao na mfuko wao hauna kitu.

Turudi kwenye ile albamu ya Pink Floyd kwa jambo moja la kikazi. Inaanza kwa mapigo ya moyo, na inaishia kwa mapigo ya moyo. Muuguzi yeyote wa wodi ya wazazi akisikia hilo atatikisa kichwa. Mtoto akiwa tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, anasikia. Anasikia moyo wa mama yake na sauti ya mama yake, na akizaliwa anaitambua sauti hiyo kati ya sauti za wanawake wengine. Ndiyo maana kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati tunamfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, naye anatulia. Hatulii kwa sababu amesikia kitu kipya.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1968 mmoja wao, Robert Zajonc, alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekwisha kukutana nacho mara kadhaa, hata kama hakina maana yoyote kwao. Imeonekana pia kwamba nyimbo ambazo mtu alizisikia akiwa kijana ndizo zinazomkaa zaidi, na zinambebea kumbukumbu za watu na mahali. Zinakaa hata pale ambapo mengine yamekwenda. Tuliwahi kumhudumia bibi mmoja aliyepatwa na kiharusi. Hakuweza kutamka "maji". Alikuwa anaonyesha kidole na kulia kwa hasira. Asubuhi moja mwenzetu wa zamu alikuwa anatandika kitanda cha jirani huku akiimba wimbo wa kitabuni, na bibi yule akaudaka ubeti wa pili na kuuimba wote, kwa maneno yake. Wodi nzima ilinyamaza. Madaktari wanaeleza kwamba kuimba hutumia sehemu za ubongo ambazo kusema peke yake hakuzitumii kwa namna ileile. Wanawe siku iliyofuata walileta redio.

Basi tukiwa na mawazo hayo tulitafuta habari za albamu yenyewe iliyofutwa, ile iitwayo The Bodyguard.

Whitney Houston alizaliwa mwaka 1963 mjini Newark, katika jimbo la New Jersey. Shule yake ya kwanza ya uimbaji ilikuwa kanisa la New Hope Baptist, ambako mama yake mzazi, Cissy Houston, aliongoza kwaya. Albamu hii ya mwaka 1992 ni ya nyimbo za filamu aliyoicheza, na imeuzwa zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Anaimba nyimbo sita humo, nyingine wameimba watu wengine. Mama mwenzetu aliposema ni nyimbo za mapenzi hakukosea. Wimbo uliovuma kuliko zote, I Will Always Love You, unaanza kwa sauti yake tupu bila ala yoyote, na ulikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 14.

Lakini si yeye aliyeutunga. Uliutungwa na Dolly Parton, mwimbaji wa nyimbo za mashambani za Marekani, aliyeutoa mwaka 1974 akimuaga Porter Wagoner, bwana aliyemwingiza katika kipindi chake cha televisheni na waliofanya kazi pamoja miaka saba. Ni wimbo wa kuaga kazini. Tumeupiga katika maharusi mangapi, bwana na bibi wakilishana keki, kumbe unasema kwaheri! Na kuna funzo la kinamama ndani yake: Elvis Presley, aliyekuwa mfalme wa muziki siku zile, alitaka kuuimba, lakini meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly alikataa. Whitney alipouimba miaka karibu 20 baadaye, haki zilikuwa bado mikononi mwa mwanamke aliyeutunga.

Sasa jambo lililotufanya tukae chini. Wimbo wa sita katika albamu hiyo ni Jesus Loves Me. Ndiyo, ule ule wa watoto wa Sunday school, ambao maneno yake yalitungwa na Anna Warner mwaka 1860. Umo humo, katikati ya nyimbo za mapenzi, katika albamu iliyoingia nyumba zaidi ya milioni 40. Na mama mwenzetu aliufuta pamoja na nyingine.

Hatuna haja ya kuyafunika maisha ya Whitney. Dawa za kulevya zilimharibia sauti na nyumba, na alikutwa amefariki ndani ya beseni la kuogea hotelini, Februari 2012, akiwa na miaka 48. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa lilelile alilokulia. Miaka mitatu baadaye binti yake wa pekee akafuata, akiwa na miaka 22. Mama Cissy alimzika mwana na mjukuu. Baada ya kifo cha Whitney watu walikimbilia kununua albamu zake upya, kama walivyofanya kwa Michael Jackson mwaka 2009. Wengine wanalaumu kwamba huo ni ushabiki wa misiba. Sisi tumeona misiba mingi, na tumeona wafiwa wakiondoka na shati la marehemu ambalo halijafuliwa. Hatuwezi kuwalaumu.

Kuna wenzetu wanaosema mwimbaji akishatoka kanisani sauti yake nayo imeondoka na shetani. Kwa hao tuna habari ya Aretha Franklin. Huyu alikuwa binti wa Mchungaji C. L. Franklin wa mjini Detroit. Mama yake alifariki mwaka 1952, naye hajatimiza miaka kumi. Aliimba kanisani kwa baba yake tangu utotoni, kisha akaingia katika muziki wa dunia na kuwa maarufu kupita kiasi. Waumini walinung'unika. Januari 1972, kwa siku mbili, tarehe 13 na 14, alirudi kuimba nyimbo za injili katika kanisa la New Temple Missionary Baptist mjini Los Angeles, jengo ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa sinema, pamoja na Mchungaji James Cleveland na kwaya. Vinasa sauti vilikuwa vinafanya kazi. Usiku wa pili baba yake alisimama na kuliambia kusanyiko kwamba binti yake hakuwahi kuliacha kanisa.

Albamu ikaitwa Amazing Grace. Hakuna albamu ya Aretha iliyouzwa kuliko hiyo, si zile za mapenzi wala zile za kucheza. Nchini Marekani ilipata cheti cha nakala milioni mbili. Ukiisikiliza unasikia watu wakiitikia, wakipiga makofi, mwingine anapaza sauti katikati ya wimbo. Wanaoinunua wananunua na kusanyiko zima, na nadhani wananunua pia ile sauti ya baba. Picha za sinema zilizopigwa usiku ule zilikaa kabatini miaka zaidi ya 40 kwa sababu wapigaji walishindwa kuoanisha sauti na picha. Zilionyeshwa mwaka 2018, miezi michache baada ya Aretha mwenyewe kufariki.

Tukiwa na hayo yote kichwani, Jumamosi ya usafi wa kanisa tulimkuta yule binti anapiga deki karibu na madhabahu. Kwaya hataki, lakini zamu yake ya usafi hakuikosa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanetu. Hujambo?"

"Sijambo."

Hatukumwuliza habari ya dhambi. Tulimwuliza tu kama anazijua nyimbo za albamu ile, maana sisi wa siku zile tulizijua mbili tatu. Akaacha deki. Akazitaja zote kwa mpangilio wake, ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na zile ambazo Whitney haimbi kabisa. Hapo ndipo tuliposhtuka. Vijana wa leo wanasikiliza kwa simu, na mwenye simu akimpenda mwimbaji mmoja anawaruka wengine. Anayezijua nyimbo zote kwa kufuatana, hata zile za mpiga saksafoni, amejifunza kwenye kanda. Kanda hairuki.

"Kanda ilikuwa ya nani?" tukauliza.

"Ya baba."

Baba yake alifariki mwaka 2019. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mizigo, yenye redio ya kaseti, na kanda moja iliyonasa humo ikawa haitoki. Kila asubuhi alimpeleka binti shule kabla ya kwenda kutafuta mzigo. Kiingereza hakukijua. Alipiga mluzi tu, isipokuwa ikifika ule wa Yesu, hapo aliimba kwa sauti, kwa Kiswahili chake mwenyewe juu ya Kiingereza cha Whitney, na binti akaimba naye. Alipofariki, pikapu iliuzwa kulipa madeni ya matibabu. Ilikwenda na kanda ndani. Binti alikaa miaka akizitafuta nyimbo zile moja moja bila kujua majina yake, mpaka alipopata simu na kijana wa kumsaidia. Akazipanga kama zilivyokuwa kwenye pikapu.

Mama yake hakujua. Angejuaje? Saa ile yeye alikuwa ameshatangulia sokoni tangu alfajiri na nyanya zake. Hakuwahi hata siku moja kupanda gari hilo asubuhi.

Msomaji, unayo Zaburi ya 137. Wale mateka wa Babeli walipotakiwa kuimba walitundika vinubi vyao mitini, si kwa kukosa nyimbo, bali kwa sababu zilikuwa zimewaelemea. Sisi hatusemi kila kinachoimbwa kinafaa kusikika nyumbani. Yapo ambayo mzazi akiyasikia ni lazima ayazime, na sisi tumeyazima. Tunachosema ni kwamba tulichunguza wino wa jalada na hatukumsikiliza msikilizaji. Zahanati hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza panapomwuma. Nyumbani tunaanza na sindano.

Kwa ruhusa ya binti tulimweleza mama yake Jumapili hiyo hiyo, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akajifunika uso kwa ncha ya kitenge na kusema, "Kumbe nimemfutia mtoto baba yake."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Watu walikuwa wameshatoka, watoto wanacheza nje. Baadaye kidogo akafungua pochi, akatoa bahasha ya sadaka ya ujenzi na kalamu, akaigeuza upande usioandikwa kitu. Alisema kesho akitoka sokoni atapita kwa yule kijana wa simu, na safari hii atamlipa azitafute zilizo halali, si za kuibia.

"Ule aliokuwa anauimba mume wangu," akauliza, "ni wa ngapi humo?"

"Wa sita," tukamwambia.

Akaandika.